Tabaka Chini ya Shamba la Agripina

Kwa miaka sita Agripina aliamini ana mkono mbaya wa kupanda. Hakuna aliyemwambia waziwazi, lakini pale Runazi alipoolewa mahindi ya majirani yalipita kichwa cha mtu, na yake yaliishia kiunoni, majani yamekuwa ya njano. Mvua ikinyesha, maji yalituama shambani. Jua likiwaka siku tatu tu, mahindi yalisinyaa.

Shamba hilo walipewa na mama mkwe wake, Generoza, ambaye hakuchoka kusimulia magunia aliyokuwa akivuna enzi zake. Agripina akisikia hivyo aliinamisha macho. Mumewe, Marcel, alishakata tamaa. Mwezi wa sita alikwenda kwa kaka yake anayeishi kijiji cha Ntobeye, akarudi na habari kwamba kuna shamba la kukodi, wahamie kabla ya mvua za vuli. Agripina hakutaka. Aliogopa kwamba hata huko mambo yangekuwa yale yale, na huko asingekuwa na pa kujificha.

Jovitus, bwana shamba wa kata, alikuja kukagua mihogo ya jirani. Agripina alimsimamisha kwa aibu, akamwomba autazame udongo wake. Jovitus akachomeka nondo nyembamba ardhini. Ilizama kama kiganja kimoja, ikagoma. Akajaribu mahali pengine, na pengine tena. Pote iligomea kina kile kile. Lakini kando ya uzio wa minyaa, mahali pasipolimwa wala kukanyagwa, nondo iliteremka mpaka karibu yote ikaisha. Wakachimba shimo na kung'oa bua la msimu uliopita. Mizizi yake ilishuka kidogo, kisha ikapinda na kulala upande kama iliyokuta sakafu.

Jovitus alieleza kwamba jembe la mkono, likilima kina kimoja miaka yote, hushindilia udongo ulio chini yake. Na ng'ombe wanaoachiwa mabua ardhi ingali na maji humalizia kazi.

"Kwa hiyo si mkono wangu?" Agripina aliuliza.

"Mkono wako hauna neno, mama. Mizizi ndiyo iliyokosa njia."

Agripina aliketi ukingoni mwa shimo akalia. Marcel alikuja mbio akidhani kuna msiba.

Yeye na Marcel walikubaliana wajaribu msimu mmoja tu, kwenye robo ekari, kabla ya kuhama. Mwezi wa nane, udongo ukiwa umekauka kabisa, kwa sababu ukiwa na maji haupasuki, Agripina alianza kuvunja tabaka lile kwa sululu, kina cha zaidi ya futi moja. Siku tatu alichimba peke yake. Ya nne Marcel alifika na sululu ya kuazima, akaanzia upande wa pili. Walipomaliza waliweka matawi ya miiba kuzuia ng'ombe.

Walipanda shamba zima siku moja, mbegu ile ile, samadi ile ile. Novemba mvua ikakatika siku kumi na nane. Kwenye sehemu ya zamani majani yalijikunja tangu asubuhi. Kwenye robo ile yalibaki yamenyooka, ya kijani kizito. Marcel alifukua shina moja afuate mizizi, akachimba mpaka akachoka kabla hajafika mwisho wake. Jioni hiyo alimpigia kaka yake simu, akamwambia shamba la Ntobeye ampe mtu mwingine.

Kesho yake Generoza alikuja na fimbo yake.

"Shikamoo, mama," Agripina alisema.

"Marahaba. Hapa ulitia nini?"

"Sikutia kitu, mama. Tulipasua chini."

Mama mkwe aliinama akautazama udongo. Kisha akasema kwamba ni yeye aliyezoea kuruhusu ng'ombe humo kila baada ya mavuno, na hakujua.

"Nimekuonea moyoni mwangu miaka yote hii, mwanangu. Nisamehe."

Robo ile ilitoa karibu sawa na shamba lote lililobaki. Siku ya kupukuchua Agripina aliketi katikati ya magunzi, mabega yake yamelegea, akimsikiliza Marcel akibishana na mama yake ni kona ipi wavunje mwaka huu.