Kipande cha Dashibodi

Mwaka huo nilikuwa mtu wa Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo nilimtoa baba nyumbani kwake Ngoingwa, nikampeleka hospitali mjini Thika kusafishwa damu, nikakaa kwenye benchi hadi mashine imalize naye, nikamrudisha. Siku nyingine zote nilikuwa ninapumzika kutokana na hizo mbili, na sikuwahi kumaliza kupumzika.

Baba naye alichoka, tena kuliko mimi. Tukiwa njiani ndipo alipenda kulisema, akitazama nje ya dirisha: "Maitu, hii kazi ya sindano imetosha." Maitu ni mama, aliniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nami kila mara nilimjibu kwamba tutaongea tukirudi, kisha tukirudi hakuwa na nguvu ya kuongea. Niliogopa. Nilijua kuna siku nitafika nimkute amekaa kitandani bila viatu, na sitakuwa na la kumfanya.

Nikaona ni ule ukimya wa garini unaompa nafasi ya kuwaza. Gari lilikuwa lake, la kutoka Japani, na redio yake ilikuwa ya huko huko: masafa yake ya FM yalikoma tisini, wakati stesheni ya Kikuyu anayoipenda iko juu zaidi. Nikasema nitamnunulia redio nyingine, apate wa kumsemesha njiani, aache kuhesabu sindano.

Sasa, baba alikuwa dereva wa Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha mikebe hadi alipostaafu, na alitoka huko na dini yake mwenyewe kuhusu magari. Gari halitobolewi. Halibandikwi vibandiko. Mafundi wa Thika wote walimjua, na mmoja angempigia simu kabla sijafungua boneti. Kwa hiyo Jumapili moja nikamdanganya kwamba naenda kwa chama chetu cha akiba, nikashuka na gari hadi Ruiru.

Fundi alikuwa mwanamume wa rika langu, mcheshi. Akaichomoa redio ya zamani, akaipima ile mpya yenye kioo, akatikisa kichwa.

"Siste, hii yako ni kubwa mara mbili. Lazima tukate dash."

"Kata."

Hata sikuuliza atakata wapi. Chini ya redio kulikuwa na kijisanduku ambamo baba aliweka miwani; ndicho kilichoondoka. Fundi alipasha wembe wa msumeno kwenye jiko, akaupitisha kwenye plastiki, moshi ukatutoa machozi sote wawili. Upande wa kushoto wembe ukamponyoka, ukaacha ufa wa kuingiza kidole.

"Hiyo tunaficha na fremu. Haitaonekana."

Ilionekana. Nilikuwa nimechoka mno kugombana, nikaenda zangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu asubuhi baba alitoka na koti na kofia, akafungua mlango wa mbele, na mtangazaji akamsalimu kwa Kikuyu safi. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ule ufa, polepole, kama anayepapasa kidonda cha mtoto.

"Kipande kiko wapi?"

"Kipande gani, baba?"

"Kilichokatwa."

"Kilibaki kwa fundi, Ruiru."

Akafunga mlango, akafungua wa nyuma, akaketi huko. Tangu nianze kumwendesha hakuwahi kukaa nyuma.

"Mali ya mtu hugawanywa akishafukiwa," akasema. "Mimi nimefukiwa lini?"

Nilitaka kumwambia ni redio tu, nimeifanya kwa ajili yake. Lakini kwetu mtoto hakati kitu cha mzazi aliye hai. Anayekata ameshaanza kurithi. Hilo nililijua tangu utotoni na lilikuwa limenitoka kabisa. Nikazima redio.

"Leo twende kwa sababu nimeshavaa," akasema. "Alhamisi siendi."

Kwenye benchi siku hiyo sikusinzia. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia Mhindi wa mikebe, nikamkasirikia na baba, mzee mzima anayenuna juu ya plastiki. Alipotoka, amekauka midomo kama kawaida, nilitarajia aseme twende nyumbani.

"Twende Ruiru."

Nikamwambia hana nguvu. Akaniambia nguvu ni zake. Tukaishika barabara kuu, tukaipita Juja.

Kipande kilikuwepo, fundi alikuwa anakorogea gundi juu yake. Baba akakichukua, akakipangusa kwa leso yake, akakishikilia mahali pake kwenye dashibodi huku ameegemea mlango. Kiti alikataa.

"Rudisha."

"Mzee, hii haishiki na gundi tu. Inataka kushonwa na waya ya moto, halafu ipigwe msasa, halafu rangi. Niachie gari."

"Gari sikuachii. Shona, naona."

Fundi akanitazama, nami nikamwonyesha kwa mkono kwamba aanze. Alishona kwa muda mrefu. Baba alisimama juu yake mwanzo hadi mwisho, akikosoa kila mshono, na sauti yake ilikuwa na makali ambayo sikuwa nimeyasikia kwa miezi mingi. Redio mpya ilirudishwa ndani ya boksi lake. Ile ya zamani ikakaa palepale pake, bubu.

"Sasa ikauke vizuri," fundi akasema, akijinyoosha mgongo. "Msasa na rangi siku ingine."

Baba alipapasa mshono, akakunja uso. Kisha akanigeukia, bado hasira haijamtoka.

"Alhamisi tukitoka hospitali, huku tunafika saa ngapi?"

Nilimwambia saa tisa, nikageukia barabarani wasinione uso.