Mistari Myeupe Bafuni kwa Mama Mutheu

Nichekeni tu, kwa sababu nguvu ya kulia sina. Mimi ni mama fua, nafulia na kusafishia watu nyumba kwa kibarua, nakaa mtaa wa Soweto West, na Jumamosi nilitembea hadi mtaa wa Kabiro mgongo ukiniuma tangu mlangoni kwangu.

Mama Mutheu, mwenye nyumba, alikuwa na wageni wa chama cha akina mama jioni. Alitaka ile mistari ya simiti kati ya vigae vya bafu ing'are.

"Na usitumie kitu chenye harufu, Mama Achieng. Mzee wangu kifua kitamfunga. Tumia magadi soda, iko kwa mkebe jikoni." Akaenda sokoni.

Jikoni nikakuta mikebe miwili iliyoisha mafuta ya kupikia, ile ambayo hakuna mama hutupa. Nikafungua mmoja. Unga mweupe. Nikanusa, hauna harufu hata kidogo. Wa pili wa nini tena? Nilikuwa nimechoka, na nikajiona mjanja.

Nikakoroga wote na maji, nikasugua kwa mswaki wa zamani. Ilinata vibaya sana, nikasema hii ndiyo dawa kali. Mistari yote ikawa myeupe kama ya nyumba mpya. Mama Mutheu aliporudi alinisifu mpaka nikasahau mgongo.

Halafu kwa haraka akachukua mkebe uliobaki, akaanza kukanda chapati za wageni. Akakanda, akakanda, unga haushikani. Akalamba kidole, akatema.

Hapo ndipo mzee alipotoka kuoga na maji moto, anavuta ndala kwa shida, chini zimeganda donge jeupe.

"Mama Mutheu, siku hizi chapati tunapikia bafuni?"

Wote wawili wakanigeukia. Mswaki ulikuwa bado mkononi mwangu.