Jerusha na Vitabu vya Wachungaji

Usiku kucha niliketi dirishani nikimngoja mwanangu Eliphalet. Alikuwa ametoka na wanafunzi wenzake kwenda kung'oa mbao za daraja, ili mikokoteni ya askari wa gavana isipite na vitabu vya chuo.

Chuo chetu hakikuanza na jengo. Kilianza siku wachungaji walipoleta kila mmoja vitabu vyake na kuviweka mezani. Kitabu cha baba yangu, chenye jalada lililoungua pembeni, kilikuwamo. Sasa wakubwa walitaka chuo kihamie mji mwingine, na sisi tulijua kwamba vitabu vikienda, chuo kimekwenda.

Kwa miaka kumi na sita vilitunzwa na mjane Jerusha Tozer, nyumbani kwake. Alivifuta vumbi kila Jumamosi kabla jua halijazama na Sabato yetu ya Jumapili kuingia. Yeye mwenyewe alijua kusoma Zaburi tu. Alikuwa mkali, haazimishi hata chumvi, na hakuna aliyevuka kizingiti chake bila kupangusa viatu.

Kulipopambazuka nikasikia vijana wawili wamekamatwa. Eliphalet hakuwa mmoja wao, wala hakurudi. Kisha jirani akaniambia kwamba jana, vitabu vilipokuwa vikipakiwa, alimwona Jerusha akimmiminia mkuu wa askari pombe ya tofaa. Nikajua nani kawauza vijana wetu. Nikaenda kugonga.

"Nani?"

"Mama Eliphalet. Mwanangu yuko wapi?"

"Umlee wewe, uje kuniuliza mimi?"

"Umekunywa na askari, Bibi Jerusha!"

"Kanywa yeye. Mimi nilimimina tu. Mtu akishalewa hahesabu vitabu."

Sikumwamini. Mtu asiyetoa chumvi atoe pombe bure?

"Fungua nione."

"Nyuma yako yupo nani?"

"Niko peke yangu."

"Hata yule askari wa jana alisema hivyo. Wenzake wanne wakatokea kwenye banda langu la kuku."

Nikageuka kutazama barabara, kisha banda la kuku. Hapakuwa na mtu. Nikamwambia hivyo.

Komeo likasogea. Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Juu ya shuka jeupe la Jerusha niliona miguu ya mwanangu, buti bado zimejaa tope la mtoni. Alikuwa amelala fofofo, na chini ya kichwa chake palikuwa na kitabu kilichoungua pembeni.

"Pangusa viatu," Jerusha akasema, akafungua mlango wote.