Ugoro, Kutoka Kathonzweni Hadi Nunguni

Niliondoka Kitui likizo ya Aprili kwa sababu ya kidonda. Binamu yangu alipiga simu akasema mama mkubwa Syombua, dada ya marehemu mama, ana kidonda ndani ya mdomo wa chini, mwezi wa tatu sasa, na hospitali hataki kusikia. Yeye ndiye aliyenilea. Walidhani atanisikiliza.

Asubuhi nikisubiri gari, nilipita sokoni. Nilipokuwa msichana, wauza ugoro walijaza upande mzima. Sasa niliwakuta akina mama wawili tu.

"Wateja wameenda wapi?" niliuliza.

"Wengine wamekufa," mmoja akajibu. "Wengine wameokoka."

Kwenye duka la steji, kando ya chingamu, palikuwa na vikopo vidogo vya rangi vyenye vijifuko vya nikotini. Vijana wawili walinunua nikiwa nimesimama pale.

Tulivuka Mto Athi, na saa saba mchana nikawa Kathonzweni. Mama mkubwa alikuwa uani akipepeta ndengu. Alinikaribisha kwa chai, akaongea habari za mvua hadi nikamkatiza.

"Nionyeshe mdomo."

Alivuta mdomo. Kidonda kilikuwa kimezungukwa na weupe, pale pale anapoweka ugoro.

"Hapa siendi hospitali," alisema. "Nesi tunaabudu naye. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Miaka arobaini nimeficha hii kitu, niitangaze leo?"

Nilimwambia tutaenda Nunguni, ambako hakuna anayemjua, na tutalala kwa binti yangu Mwende, ambaye ana saluni huko. Alifikiria kidogo, kisha akaenda kukunja leso zake.

Nunguni tulifika kesho yake, kukiwa na ukungu na baridi iliyomfanya alalamike njia nzima hadi hospitalini. Daktari, kijana mpole, alimuuliza anaweka nini mdomoni. Mama mkubwa alinitazama, akatazama mlango.

"Mbaki," alisema kwa Kikamba. "Ugoro."

Daktari hakumkemea. Alikata kinyama kidogo kipelekwe kupimwa, akatuambia turudi baada ya wiki mbili.

Mchana tulikula kwa Mwende. Mama mkubwa hakuweza kutafuna, kwa hivyo alikaa akimwangalia mjukuu wake. Mwende alipomaliza, aligeuka ukutani kidogo, akagusa mdomo, akaturudia akitabasamu.

"Umeweka nini hapo?" mama mkubwa akauliza.

"Ni peremende tu, susu," Mwende alijibu, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Mimi nimekula hiyo peremende kabla wewe hujazaliwa. Toa."

Mwende alitoa kijifuko cheupe, kidogo kama punje ya mahindi. "Lakini hii si tumbaku, susu. Haina moshi, haina harufu. Inanisaidia na mawazo."

"Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo."

Kila mwezi nilikuwa nikija kwa binti huyu, na sikuwa nimeona chochote. Nilipomuuliza anatumia vingapi, alisema hajui, ila bila kimoja asubuhi mikono inamtetemeka hata kusuka hawezi.

Baada ya wiki mbili majibu yalitoka. Haikuwa saratani, ila daktari alisema ingefika huko kama angeendelea. Tulirudi Kathonzweni. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya akina mama wenzake akawaambia mwenyewe. Wawili walimfuata nje baada ya ibada, wakamuuliza polepole jinsi kidonda chake kilivyoanza.

Nilikuwa nikiamini ugoro unaisha na wazee kwa sababu wanaouza wamepungua. Siamini hivyo tena. Siku hizi Mwende humpigia susu yake simu kila asubuhi, kabla hata mmoja wao hajaweka kitu mdomoni. Kuna siku wanaweza kujizuia na kuna siku wanashindwa. Siku za kushindwa hawaniambii mimi. Wanaambiana wao wawili.