Sahani Ikishageuzwa

Mimi ni mtu wa ndani. Kuna watu wa barabarani, kuna watu wa baa, halafu kuna sisi ambao tukifika mlangoni tunakumbuka kazi ambayo hatujaimaliza kitandani. Kule Laini Saba nilikopanga chumba miaka ile ya sabini, majirani waliujua mlango wangu kuliko walivyoujua uso wangu. Nilikuwa na kidato cha nne, kazi ya ukarani kwenye ghala moja upande wa viwandani, na pleya ya betri yenye mfuniko wa buluu. Nikitoka kazini nafunga mlango, naweka santuri, nasafiri. Kinshasa nimefika mara nyingi, nikiwa na soksi. Kilichonisumbua safarini ni gari la moshi tu, maana reli ilipita karibu na ukuta wangu, na likinguruma sindano inaruka. Nilijifunza kuuinua mkono wa pleya likiwa bado mbali.

Lakini Jumapili ya mwisho wa mwezi, mimi huyohuyo nilipiga pasi suruali, nikapanga santuri kwenye mfuko, nikavuka Barabara ya Ngong kwa miguu hadi Kawangware, sehemu ya Gatina. Huko kulikuwa na soko letu la santuri. Ukisema soko mtu atafikiria vibanda na kelele. Letu lilikuwa meza moja, pleya moja, na wanaume wazima waliokaa kwenye mabenchi wakivizia mifuko ya wenzao kama paka.

Mtu angeniuliza kwa nini nisinunue dukani kama Wakristo wengine. Dukani unauziwa na mtu asiyejali. Pale Gatina santuri ilikuja na mwenyewe. Ulimwona akiitoa, ulimwona inavyomuuma kuitoa, na ukishaona inamuuma, unajua hiyo ndiyo.

Hatukutumia pesa, aliyetoa noti alichekwa akaelekezwa mjini. Ilikuwa santuri kwa santuri, au kama tulivyoziita sisi, sahani kwa sahani. Tena hakuna aliyeruhusiwa kuichomoa sahani kwenye kava isipokuwa yule anayesimamia pleya, kwa sababu ya vidole. Watu walikuwa wametoka kula nyama. Kwa hiyo ulichagua kwa kutazama kava, mkiridhiana mnapeana, na sahani zinasubiri foleni mezani. Zamu ikifika, upande wa kwanza unachezwa mbele ya wote. Aliyepokea akisikia mikwaruzo, au roho yake ikikataa, anairudisha bila ugomvi. Akiridhika, anaigeuza kwa mkono wake mwenyewe. Sahani ikishageuzwa imeolewa. Aliyeitoa hana kauli tena, tangu alipoitoa: ukishapokea mbuzi wa watu, huendi kumwuliza binti kama angependa kurudi.

Uwanja ulikuwa wa mzee mmoja, mwenyeji wa Gatina, ambaye shamba la babake lilikuwa limegeuka vyumba vya kupangisha. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti la sufu hata juani. Alitukubalia kwa masharti mawili: tuanze kwa wimbo wa kanisa, na asije mtu na chupa. Yeye alikusanya kwaya tu. Mpangaji akihama na kusahau santuri ya dansi chumbani, mzee aliileta sokoni kuibadilisha, akiishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

Sasa nieleze kuhusu kaka yangu, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mpiga gita. Kundi lao lilitoa santuri moja tu, nakala chache, zikapotea upesi kama makundi ya namna hiyo yanavyopotea. Baadaye walialikwa kupiga ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, wakati ambao watu wenye akili walikuwa wakitoka huko. Hakurudi. Hatukupata kaburi wala habari. Kila nilipokwenda nyumbani ziwani mama hakuniuliza kuhusu kazi wala mke. Aliuliza kama bado ninayo sauti. Nilimjibu ninayo, na ilikuwa kweli: ile sahani niliyokuwa nayo mimi. Upande wa kwanza wanaimba wengine. Upande wa pili, kabla ya magita kuingia, kaka anasema maneno machache, anacheka. Basi. Hayo ndiyo mabaki ya mtu mzima.

Binamu zangu walikuwa wakopaji wa santuri. Walizipeleka kwenye harusi, zikarudi na alama za bia, au hazikurudi. Nikafanya werevu wa kidato cha nne: nikaificha ya kaka ndani ya kava la kwaya, kwa sababu hakuna binamu atakayekopa kwaya. Maji ya paa yalikuwa yamebandua karatasi yake ya katikati, ikabaki nyeusi tupu, na mtu hata angeichungulia asingejua ni nini. Werevu ulifanya kazi miaka. Tatizo ni kwamba nilikuwa na makava mawili ya kwaya, yote yamejaa watu wenye majoho, na siku ya siku nikabeba yote mawili bila kufikiri.

Mzee alikuwa na santuri ya gita tupu, iliyosahauliwa na mpangaji, ambayo nilikuwa nimeitamani tangu msimu wa mvua. Nilipomwonyesha kava la kwaya aliitikia kwa kichwa hata kabla sijamaliza kusifu. Tukapeana. Ile ya gita ikapigwa, nikaigeuza kwa mkono wangu, nikarudi kwenye benchi nikiwa bwana harusi. Nikaingiza mkono mfukoni kuipangia mahali, vidole vikapita juu ya kava la pili la kwaya. Ndani yake kulikuwa na ukingo uliomeguka.

Sahani ya kaka haikuwa imemeguka popote.

Nilivipitisha vidole tena polepole, nikitumaini vimekosea. Meno ya ukingo yalikuwa palepale. Kwaya halisi ilikuwa mapajani mwangu, na kaka alikuwa mezani, kwenye foleni, zimebaki chache mbele yake.

Msomaji atasema, si ungesimama tu useme? Ungesimama wewe. Aliyetoa hakuruhusiwa kugusa foleni. Mwaka uliotangulia mtu alinyoosha mkono kwenye rundo, akatolewa uwanjani na mfuko wake ukabaki. Hata hivyo nilijipa moyo. Upande wa kwanza wa ile sahani ni wimbo wa baa: mtu analewa, anamsifu mke wa jirani, tena anamsifu kwa utaratibu kuanzia juu kwenda chini. Nikajiambia, tulia. Mzee wa kanisa hatafika kiunoni. Atairudisha kwa hasira, nami nitapokea matusi pamoja na sahani yangu, na matusi sijayaona yakimeguka.

Zamu ilifika. Msimamizi wa pleya alikuwa fundi viatu wa palepale Kawangware, mtani wangu, ambaye hakuwahi kuniita kwa jina lingine ila Mtu wa Ndani. Aliichomoa, akaitazama ile nyeusi isiyo na maandishi, akaniangalia, akaiweka. Mzee alivua kofia kwa heshima ya kwaya.

Gita likaingia likichechemea. Halafu yule mlevi akaanza kumsifu mke wa jirani.

Benchi zima liligeuka kumtazama mzee. Kofia ilikuwa kifuani. Nilimwona amekunja uso, nikafurahi. Tukafika shingoni mwa mke wa jirani, tukafika mabegani. Mtu mmoja akaanza kukohoa kicheko. Mzee akainua mkono na mimi nikainuka nusu, tayari kupokea, lakini mkono ule ulikuwa wa kumnyamazisha anayekohoa. Tukapita kiunoni. Chini ya meza kiatu cha mzee kilikuwa kinagonga vumbi, kidogo kidogo, kwa mapigo sawasawa.

Wimbo ulipokwisha alisema kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu kanisani kwamba hawa vijana hawana maadili, lakini wanajua kupiga. Akanyoosha mkono aigeuze.

"Mzee, ngoja," nikasema.

Ile sauti sikuijua. Ilitoka juu sana. Nilieleza. Nilisema makava yamechanganyika, kwaya yake ni hii hapa, nikaichomoa nusu na kuisukuma ndani tena kwa kukumbuka sheria ya vidole. Nilisema nitarudisha na ile ya gita juu yake. Nilisema ile sahani ni ya kaka yangu, hakuna nyingine, yeye mwenyewe hayupo.

Fundi viatu alicheka. Akawaambia watu wanitazame vizuri: nilikuwa nimetoa sahani kimya, nimesikia ni tamu, sasa nimepata kaka. Mwezi ujao nitakuwa na shangazi. Watu walicheka na mimi ningekuwa wao ningecheka, maana ujanja huo ulishafanywa pale kwa kila aina ya ndugu.

Mzee hakucheka. Aliniuliza nina ushahidi gani. Nikasema uko upande wa pili: kaka anazungumza, na ninajua atakachosema neno kwa neno.

"Basi niigeuze tusikie."

"Ukiigeuza itakuwa yako, mzee."

"Ndiyo."

"Nami nitakuwa nimeonyesha ni yangu."

"Ndiyo," alisema tena, kwa upole, kama mtu anayemsomea mwingine kibao cha njia. "Lakini nisipoigeuza, siwezi kurudisha sahani nzuri kwa neno tupu. Kesho kila mtu hapa atakuwa na marehemu. Sema wewe. Nifunike pleya nikae nayo bila kujua, au nigeuze?"

Kuku wa mzee alipita katikati yetu akichakura, na hakuna aliyemfukuza. Ningeweza kunyamaza, sahani ikae kwake, na watu wabaki wakiamini mimi ni tapeli mwenye kaka wa kubuni. Hilo lilinishinda. Tapeli nilikuwa tayari kuwa. Kaka wa kubuni, hapana.

Fundi viatu alisema, "Kwanza atuambie huyo kaka atasema nini. Kabla."

Kulikuwa na sababu ya mimi kutopenda kuyasema maneno yale mbele ya watu. Niliwatazama, hasa yeye, nikajua nitayasikia hadi nizeeke.

"Atasema hivi: Huu tunampigia mdogo wangu, kuku anayeatamia kitanda. Toka nje, kumekucha."

Walivyocheka sitaeleza. Fundi alishika meza. Mzee alingoja wamalize, wakachelewa kumaliza. Kisha akanitazama tena, bila kuuliza, na mimi nikasema, "Igeuze."

Aliigeuza kwa viganja, hakuigusa kwa vidole. Sindano ikakwaruza ile nafasi tupu. Halafu kaka akasema, karibu sana, kama amekaa kwenye benchi: huu tunampigia mdogo wangu, kuku anayeatamia kitanda. Toka nje, kumekucha. Akacheka kile kicheko chake cha kuanzia puani.

Safari hii hakuna mwingine aliyecheka. Magita yaliingia, wimbo ukaenda hadi mwisho, na fundi viatu aliuinua mkono wa pleya taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akifanya. Hakuniangalia. Mtu mmoja nyuma akasema basi mzee amrudishie tu. Mzee akatikisa kichwa. Alisema akivunja leo kwa sababu ya machozi, mwezi ujao machozi yataletwa kwa debe, na soko litakufa. Akaingiza sahani kwenye kava lenye kwaya, akaiweka chini ya mkono wake.

"Imeolewa," akaniambia. "Lakini mkwe hakatazwi kuja kumwona binti. Jumapili njoo."

Nikaenda. Sikungoja mwisho wa mwezi. Jumapili iliyofuata nilikuwa langoni na kilo ya sukari, kama mkwe yeyote mwenye adabu. Mkewe aliuliza mimi ni nani, mzee akajibu kutoka ndani kwamba ni mkwe, na mama wa watu akabaki akihesabu mabinti zake. Tukanywa chai. Mzee akaifungua pleya, akaweka upande wa pili moja kwa moja, tukasikiliza. Jumapili iliyofuata vilevile, na nyingine. Yule mtu wa kitandani alikuwa sasa anavuka Barabara ya Ngong kila wiki na sukari kwapani.

Lakini pleya ya mzee ilikuwa ya zamani, na mkono wake ulikuwa mzito. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza mwendo wa treni anasikia vitu. Wiki ya kwanza kicheko kilikuwa kizima. Kufikia msimu wa baridi kulikuwa na mchanga ndani yake, kidogo tu. Baadaye neno la mwisho likaanza kupasuka. Kila Jumapili niliyomsikia kaka ndiyo niliyomkwangua. Njia nzima kutoka Laini Saba nilikuwa na hamu ya kufika, na nikifika nikawa na hofu ya mfuniko kufunguliwa. Sikusema, ni ya mzee, imeolewa, na mkwe hamfundishi mwenye mji jinsi ya kumtunza.

Siku moja alikuwa ameshaishika sahani, sindano iko juu, na mimi nikajikuta nimeweka kiganja changu juu ya pleya. Sheria ya vidole ilikuwa imenitoka kabisa.

"Leo tumwache apumzike, mzee," nikasema.

Alinitazama, akaitazama sindano, na nadhani aliisikia na yeye, wiki zote zile. Akairudisha sahani kwenye kava. Tulikaa. Chai ilikuwa bado ya moto na hatukuwa na cha kusikiliza, wanaume wawili waliojuana kwa sababu ya pleya, nayo imefungwa. Mkewe akachungulia mlangoni.

"Sasa," mzee akasema mwishowe, akivuta kiti karibu, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Sikuwahi kuulizwa. Nikaanzia na pua yake.