Asali Niliyotoka Nayo Kisiwani

Mimi nimekosa, na sitafuti wa kunihurumia. Nilimnyima ndugu yangu kitu ambacho ni mtu mmoja tu duniani angeweza kumpa, na huyo mtu sasa yuko chini ya udongo. Nimenyamaza mpaka nimeshindwa. Wacha niseme, na mkitaka kunitukana, nitukaneni.

Kwetu ni Igembe, si mbali na Kangeta. Majina nimebadilisha. Ndoa ilinishinda, nikarudi kwa baba na watoto wangu na gunia la nguo. Baba hakuniuliza hata swali moja. Alifungua chumba akasema, "Ingia, hapa ni kwenu." Mama alikuwa ameshaaga dunia, kwa hivyo ni mimi nilimpikia mzee, nikamfulia, na ugonjwa ulipomwangusha nikawa namwosha kama mtoto mchanga.

Ndugu ninaye mmoja tu, mkubwa wangu. Nitamwita Kobia.

Kobia aliondoka nyumbani akiwa kijana, na kosa lake mtu wa mbali anaweza kulicheka. Alikata mti! Baba alikuwa amemtoa shule ili awe anachuma miraa. Siku moja wakagombana, Kobia akashika shoka kwa hasira na kuangusha mbaine. Mbaine ni ile miraa ya zamani kabisa, iliyopandwa na watu tusiowajua hata sura. Kwetu hiyo haiguswi na shoka. Wazee walikuja wakasimama kando ya kisiki wakavua kofia.

Baba ndiye alisema. Alimwangalia Kobia machoni: "Umeangusha mti wa baba yangu. Na wewe usichipuke."

Woi! Hayo si maneno ya kusema. Kwetu hiyo ni kirumi, laana ya mzazi, na hakuna mchungaji wala daktari anaweza kuitoa. Anayeitoa ni yule yule aliyeisema, tena akiwa hai. Mtoto analeta asali kwa mkono wake, mzazi anaonja, anamtemea mate ya baraka kifuani, yamekwisha. Mzazi akifa kabla, imebaki hivyo.

Kobia alienda. Tulisikia ameoa, mimba ikatoka, ikatoka nyingine, bibi akaenda zake. Halafu hatukusikia tena.

Sasa, mzee alipojua haponi, akaanza Kobia. Asubuhi Kobia, jioni Kobia. Mbwa akibweka, "Hebu angalia kama ni Kobia." Na mimi niko hapo na beseni, namkausha miguu! Wacha niseme ukweli: iliniuma. Nilikuwa nikienda nyuma ya jikoni nalia. Mimi niliyebaki sikuwa nikiitwa hata jina, niliitwa "wewe, leta maji."

Siku moja nilipeleka ndizi soko la Gakoromone, na mama mmoja anayeuza samaki wa kukaushwa akaniuliza, "Wewe si ndugu yako ni Kobia? Mnafanana mpaka mdomo. Huyo namwonaga nikienda kununua samaki, anakaa kisiwani, huko Mbeere." Akanielekeza njia nzima, mpaka jina la mwenye mashua.

Nilimwambia baba. Mzee alilia, na mimi sijawahi kumwona akilia hata siku tulizika mama. "Enda umlete," akasema. "Mwambie aje na asali. Hayo maneno nataka kuyatoa, yananichoma. Akija nitawagawia shamba, wewe na yeye, nipumzike."

Hapo kwa shamba ndipo shetani alinishikia. Ninyi mnajua mwanamke aliyerudi nyumbani anaonwaje. Baba zangu wadogo walikuwa wameanza kuniuliza nitaenda lini. Miraa yenyewe mwanamke hapandi mti kuchuma, ni mwiko, nilikuwa nabembeleza vijana wanichumie. Nikafikiria: mwanaume mwenye boma akirudi, mimi na watoto tutaenda wapi? Nilibeba hayo mawazo kwenye gari kutoka Makutano mpaka Embu, mpaka Kiritiri.

Mtu akisikia kisiwa anafikiria Lamu, hoteli na wazungu. Hiki ni kilima tu kilichobaki juu maji ya bwawa yalipojaa. Hakuna duka. Hakuna choo. Hakuna stima, na hayo maji ndiyo yanatengeneza stima ya watu wengine! Joto lake, wueh, sisi watu wa baridi tunaweza kufa. Mwenye mashua alinikaripia mara tu nilipokaa: "Mama, rudisha mkono ndani. Mamba hapa hawabishi hodi." Nilishika Biblia yangu mpaka tukafika.

Kulikuwa na vibanda vichache vya nyasi na karatasi za nailoni, samaki wameanikwa juu ya miti, mbuzi wanakula miiba. Na kwenye migunga, mizinga ya nyuki. Mwanaume mmoja alikuwa ameinama anakarabati wavu. Akainua kichwa, wavu ukamwanguka.

"Ni wewe?" akasema. "Ni wewe kweli?"

Amezeeka, jamani! Ndevu zimeingia mvi. Alinishika mikono yote miwili akakataa kuniachilia. Alinikaangia samaki, akanitandikia gunia kwenye kivuli, akawa ananiuliza mambo ya nyumbani akicheka peke yake. Aliuliza mpaka kisiki, kama kiliota. Nikamwambia kiliota, kina matawi makubwa. Akafunika uso na kofia.

Halafu akauliza, "Na mzee?"

Jibu lilikuwa moja tu. Nilitumwa nalo. Nilitakiwa kusema, "Anakufa, anakuita, beba asali twende." Nikasema, "Yuko tu. Ni mguu unamsumbua. Hajui nimekuja."

Ngai wangu! Yalitoka hivyo hivyo, laini, kama mtu anaomba chumvi.

Kobia akatikisa kichwa. Akaingia kibandani akatoka na kibuyu cha asali, amekifunga mdomo kwa ngozi. "Hii niliiweka ya kwake," akasema. "Kila nikirina namwekea, nikikosa wa kutuma naila mimi, naweka ingine. Mpelekee. Usimlazimishe. Akiionja tu, hata kwa ncha ya kidole, nipigie nije." Akanipa namba yake, akanionyesha jiwe kubwa mgongoni mwa kisiwa. "Mtandao unashika pale juu peke yake. Nitakuwa napanda kila jioni."

"Na shamba?" nikauliza, mimi mjinga.

"Shamba gani, dadangu? Mimi nataka nitolewe hayo maneno."

Sikumwamini. Nilijiambia kila mtu husema hivyo akiwa mbali na miti.

Nilirudi nyumbani nikaingiza kibuyu chini ya kitanda changu. Kisha nikaenda kwa mzee nikamwambia, "Sikumpata, Baba. Alihama." Akageukia ukuta. Nikajipa moyo kwamba atasahau.

Hakusahau! Alizidi kudhoofika, na asubuhi moja akaniita nikae karibu. Sauti ilikuwa kidogo, nikainama. "Kama hapatikani," akasema, "nitafutie kitu chochote kilichotoka kwa mkono wake. Nguo, kiatu, chochote. Nitatemea hicho. Hata hivyo itatoka, wazee walifanya hivyo."

Kitu kilichotoka kwa mkono wake! Kilikuwa hapo, upande wa pili wa ukuta wa mbao, mahali ningeweza kufika kabla hajafunga mdomo. Nilisimama. Nikaenda mpaka chumbani. Nikainama, nikakishika kibuyu, nikakivuta. Halafu nikafikiria: nitasema nimekitoa wapi? Atajua nilimpata. Atajua nilimdanganya akiwa kitandani.

Nikakirudisha. Nikatoka na mikono mitupu.

"Hakuna kitu, Baba. Vyote vilitupwa."

Siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita, alikufa akiwa ananiangalia mimi.

Jioni nilimpigia Kobia. Watu niliwaambia namba nimepewa na mama wa samaki. Simu ilipokelewa kabla haijalia vizuri, na nikasikia upepo wa pale juu ya jiwe, na sauti yake kama ya kijana: "Ameonja?"

Nikamwambia mzee amefariki. Hakulia. Alisema, "Sawa," na upepo ukaendelea.

Alikuja mazishini na shati la kuazima. Alinivuta kando ya ghala. "Asali ilifika?"

"Ilifika."

"Akasemaje?"

Watu walikuwa karibu. Baba wadogo walikuwa karibu. Nilifikiria nikisema ukweli atapiga kelele, na mimi na watoto tutalala barabarani. Aki, ulimi wangu ungekatika siku hiyo! Nikasema, "Aliikataa. Aligeuza uso."

Alinishukuru. Mnasikia? Alinishukuru kwa kujaribu.

Baada ya kuzika, baba wadogo wakaanza maneno ya shamba, kwamba mwanamke hawezi kukaa na mbaine. Kobia akasimama. Alisema, "Mimi ndiye mtoto wa kiume hapa, na nasema hivi: hii shamba ni ya dada yangu. Yeye ndiye alimwosha mzee. Mtu asimguse." Wakaanza kutawanyika. Yeye akachukua mfuko wake akaenda, hata chai hakunywa.

Nilipewa kila kitu nilichokuwa nikiiba! Nilipewa na yule niliyekuwa nikimwibia, mbele ya watu, na nikakaa kwenye kiti nikapokea.

Tangu hapo silali. Chakula hakishuki. Watoto wananiuliza kwa nini naongea peke yangu. Mwishowe nilirudi kule kisiwani, nikasema akitaka kuniua na aniue, nitamwambia. Sikumkuta. Kibanda kimeanguka, migunga haina mizinga. Mwenye mashua alisema, "Huyo alipotoka matangani hakupanda tena pale juu. Alikaa kidogo akaenda. Wengine wanasema yuko kisiwa cha bwawa la chini, wengine wanasema alivuka upande wa Kitui." Simu yake haiingii.

Ndiyo maana naandika hapa. Wewe unayenunua samaki, unayepita Mbeere na kando ya hayo mabwawa, ukiona mwanaume wa Igembe mwenye ndevu za mvi anayefuga nyuki peke yake mahali hakuna watu, msomee hii. Mwambie mzee hakugeuza uso. Mwambie alimwita mpaka pumzi ya mwisho, akaomba hata kiatu chake atemee. Mwambie aliyekataa ni mimi. Sijui kama inaweza kumtoa hiyo laana, wazee niliowauliza kwa kuzungukazunguka wanatikisa vichwa. Lakini ajue.

Na nyinyi wengine, mkitumwa neno na mgonjwa, fikisheni. Hata kama huyo anayeitwa hukumpenda, hata kama ni wewe uliyeosha miguu na hukuitwa. Usijiambie utasema kesho, usipime litakupunguzia nini. Lifikishe, utalia baadaye ukiwa na mahali pa kulilia.

Asali bado iko chini ya kitanda. Imeganda. Siwezi kuila, siwezi kuimwaga, na kila jioni jua likishuka nawasha simu naiweka mkononi, kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa akipanda.