Vifaranga wa Tongoni nzima walivyoshushwa ukweni siku ya posa yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, na mashahidi wapo ukweni, kwa hiyo siwezi kuongeza chumvi hata nikitaka.

Mimi ni mtu wa IT kwenye kampuni moja ya vifaranga hapa Tanga mjini. Mauzo walikuwa na wateja wao kwenye kompyuta, stoo na wao, usafirishaji na wao.

Mabosi wakaleta mtaalamu achore ramani ya mifumo yote iwe kitu kimoja. Wenyewe wanaita enterprise architecture.

Ramani ilikuwa tamu wakuu. Maboksi, mishale, rangi. Boksi moja limeandikwa data steward, yaani mlezi wa taarifa za wateja. Nikauliza, ni nani huyo? Bosi akasema atapatikana mbele ya safari, tuwashe kwanza.

Tukawasha. Mfumo ukaambiwa wateja wenye namba moja ya simu ni mtu mmoja, uwaunganishe.

Sasa nyie wa pwani mshanielewa. Kijijini kwetu Tongoni ukiulizwa namba, unataja ya Bi Zuhura mwenye duka. Simu yake haizimi, na ujumbe anakufikishia hadi mlangoni.

Basi mfumo ukaona Bi Zuhura ndiye mfugaji mkubwa wa mkoa.

Na Bi Zuhura ni mama yake Mwanaisha, ambaye wazee wangu walikuwa wanampelekea posa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Jamani!

Jumamosi dereva akanipigia: "Kaka, nimeshusha vifaranga wote kwa Bi Zuhura, sasa mama anasema hajaagiza hata mmoja."

Bosi akasema, "Nenda wewe, si ni kwenu?"

Wakuu, kwetu mposaji hatii mguu ukweni siku ya posa. Niliogopa kweli. Bi Zuhura akiona nimemletea mkosi, Mwanaisha ndiyo basi tena. Lakini vifaranga nao wangekufa kwa joto.

Nafika, wazee wangu wamebanana sebuleni katikati ya makasha, kelele tupu. Baba mkubwa, ambaye ndiye mshenga, ana kifaranga juu ya kofia na hana habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe umekuja kuposa au kuchunga kuku?"

"Mfumo umekosea, mama."

"Basi kanitoe kwanza humo kwenye kompyuta, ndipo uwe mkwe. Salamu za watu nafikisha. Kuku wao siwezi."

Akawapigia kelele majirani, kila mtu akaja kuchukua makasha yake. Mimi nikasimama uani nikiwauliza wote namba zao wenyewe. Posa ikakubaliwa, nikakaribia kulia kwa furaha.

Jumatatu bosi akaandika jina langu kwenye lile boksi.

Funzo: ramani ya mifumo hata iwe nzuri vipi, kama taarifa hazina mwenyewe wa kuzikagua, zitakufuata hadi ukweni.

Msinipongeze sana lakini. Wakati wa kuagana, upande wa Mwanaisha waliomba namba ya mshenga. Baba mkubwa akajibu bila wasiwasi, "Yangu haikai chaji. Andikeni ya Bi Zuhura."

Haya wakuu, kwenu mnatoa namba ya nani?